‘Oblivious’ na Jamaa Zake: Maneno ya Kiingereza ya Kutotambua Yaliyo Mbele ya Mtu

Mtu ameketi barazani akisoma barua. Mvua inaanza kunyesha, nguo zilizoanikwa uani zinalowa, mtoto anamwita mara 3, naye yuko vile vile. Mwingereza akitaka kusimulia hali hiyo ana kivumishi kimoja kinachomtosha: ‘oblivious’. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kusimama na kufikiri. Je, mtu yule ameghafilika? Amejisahau? Amepitiwa? Amezama katika barua yake? Amezubaa? Au hana habari tu, yaani hajui hili wala lile? Hakuna hata neno moja kati ya hayo linaloweza kuwekwa mahali pa jingine bila kubadili hukumu ya msomaji juu ya mtu huyo. Aliyezama katika barua huenda amepata habari za msiba, na nguo zikilowa atasamehewa. Aliyezubaa hasamehewi.

Tofauti hiyo haitokani na utajiri wa lugha moja na umaskini wa nyingine, kama inavyodaiwa mara kwa mara katika mijadala ya istilahi. Kiingereza hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu: ‘unaware’, ‘unconscious’, ‘absent-minded’, ‘heedless’, ‘preoccupied’, ‘engrossed’, ‘rapt’, ‘distracted’, ‘unwitting’, na mengine. Tofauti iko katika jinsi ya maneno yenyewe. Kiingereza huieleza hali hii zaidi kwa vivumishi, na kivumishi humpa mtu sifa kikaishia hapo. Hakiulizi sifa hiyo imetoka wapi. Kiswahili huieleza zaidi kwa vitenzi, na kitenzi cha Kiswahili hakisemwi bila kuchagua umbo: kauli ya kutendeka, kauli ya kutendwa, kirejeshi cha -ji-, au ukanushi. Msemaji anapochagua umbo amekwisha kudokeza jambo limetokeaje na, mara nyingi, nani wa kulaumiwa. Swali la lawama ambalo neno la Kiingereza huweza kulinyamazia, Kiswahili hulijibu ndani ya kitenzi. Kwa hiyo anayefasiri maneno haya huwa anatoa hukumu, apende asipende, na ni heri aitoe akijua.

Inafaa kuanza na ‘oblivious’ yenyewe, kwa kuwa historia yake ina mafunzo. Neno hili lilitoka katika Kilatini ‘obliviosus’, lenye kitenzi ‘oblivisci’, kusahau, nalo likaingia Kiingereza katika karne ya 15 likiwa na maana ile ile ya usahaulifu. Aliyeitwa ‘oblivious’ alikuwa mtu aliyejua jambo kisha likamtoka. Katika tamthilia ya Macbeth, Shakespeare alilitumia kwa dawa, si kwa mtu: dawa ya kumsahaulisha mgonjwa majonzi yaliyomkaa moyoni. Jina ‘oblivion’ lilipata hata nafasi katika sheria. Mwaka 1660, Mfalme Charles wa Pili aliporudi katika kiti cha enzi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya msamaha yenye neno hilo katika jina lake. Makosa ya miaka ya vita yalifutwa, isipokuwa ya watu wachache, wakiwamo waliohusika na kuuawa kwa mfalme aliyetangulia, na watu wakakatazwa kutukanana kwa maneno ya kuamsha kumbukumbu za ugomvi ule. Kusahau, kwa lugha ya sheria ile, kulikuwa tendo la hiari, tena la amri. Kulikuwa mbali kabisa na hali ya mtu asiyesikia mvua.

Katika karne ya 19 maana ilihama. Waandishi walianza kumwita ‘oblivious’ mtu ambaye hakusahau chochote, kwa sababu hakuwahi kutambua chochote. Wenye kuilinda lugha walikasirika. H. W. Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya matumizi ya Kiingereza cha kisasa, alililalamikia neno hili kwa sababu mbili: kwanza, kwamba maana yake halisi ni kutokumbuka tena, si kutojua tu, pili, kwamba watu walikuwa wakiliunganisha na kihusishi ‘to’ badala ya ‘of’. Malalamiko hayo hayakufua dafu. Leo maana ya kutotambua ndiyo inayotawala, na ‘oblivious to’ imeenea katika maandishi ya kila namna. Hata hivyo kihusishi hicho kilichomuudhi Fowler kina ushahidi wake. ‘Of’ kilifuata mfano wa ‘forgetful of’, msahaulifu wa jambo. ‘To’ kimefuata mfano wa ‘blind to’ na ‘deaf to’, kipofu au kiziwi kwa jambo. Wasemaji wa kawaida walikuwa wamekwisha kulitoa neno katika jamii ya kumbukumbu na kulitia katika jamii ya milango ya fahamu, na kihusishi kikafuata maana. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba ‘oblivious’ ni ‘-sahaulifu’ amepewa maana ya kale, na akiitumia kufasiria habari ya gazeti la leo atamfanya mtu asiyejua kitu aonekane alikijua akakisahau. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayehojiwa juu ya alichokiona.

La kustaajabisha ni kwamba Kiswahili nacho kilipita njia hiyo hiyo, lakini kwa kwenda upande wa pili. Kitenzi ‘-sahau’ kina asili katika Kiarabu, katika shina la ‘sahw’. Katika Kiarabu kusahau kwa maana ya jambo kutoka katika kumbukumbu huelezwa zaidi kwa kitenzi kingine, ‘nasiya’. ‘Sahw’ ni kupitikiwa na mawazo, moyo kuwa kwingine wakati mwili upo kwenye kazi yake. Maana hiyo ya awali bado imehifadhiwa katika ibada ya Waislamu, katika sijida ya kusahau, ambayo mwenye kusali huileta akiwa ameongeza au amepunguza jambo katika sala kwa kughafilika, au akiwa na shaka juu ya idadi ya rakaa. Mtu huyo hajasahau namna ya kusali. Akili yake ilitoka msalani ikarudi. Kiswahili kilipolipokea neno kililipeleka kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo Kiingereza kilianza na kusahau kikaishia na kutotambua, na Kiswahili kilianza na kutotambua kikaishia na kusahau. Maneno mawili yamepishana njiani, na mfasiri anayeyakutanisha leo kwa kudhani ni ndugu anakosea kwa pande zote mbili.

Nafasi iliyoachwa wazi na ‘-sahau’ imejazwa na neno jingine la asili ya Kiarabu, ‘-ghafilika’. Hili ndilo linalokaribia zaidi ‘oblivious’ ya sasa, lakini lina kiambishi cha kutendeka, ‘-ika’, ambacho hueleza hali iliyompata mtu bila kumtaja mtendaji. Kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, mtu ameghafilika. Lawama ipo, kwa kuwa aliyeghafilika alipasa kuwa macho, lakini imepunguzwa makali. Yafaa pia kutaja jamaa wa karibu wa neno hilo, ‘ghafla’. Katika Kiarabu ‘ghafla’ ni hali ya moyo wa mtu, yaani kutokuwa na hadhari. Katika Kiswahili imekuwa sifa ya tukio lenyewe. Gari lilitokea ghafla. Ukweli ni kwamba gari halina ghafla. Limetoka mbali likija kwa mwendo wake. Ghafla ilikuwa ndani ya mtu aliyekuwa akivuka barabara. Lugha imeichukua kasoro ya mtazamaji ikaibandika juu ya kitu kilichotazamwa, na shahidi anayesema ‘lilitokea ghafla’ hutoa utetezi wake bila kujua.

Kiingereza nacho kina mfano wa kukaribiana na huo katika ‘unawares’, hasa katika msemo wa kumshika mtu bila kujiandaa, na hapo inafaa kulitazama shina la ‘aware’. Ni neno la Kiingereza cha kale, ‘gewær’, lenye maana ya kuwa macho kama mlinzi. Limo katika ‘beware’, jihadhari, na katika ‘wary’, mwenye hadhari. Tena lina nasaba na ‘ward’, ulinzi. Asiye ‘aware’, kwa asili, ni mlinzi aliyeshusha mkuki. Ulinzi huo umefutika kabisa katika matumizi ya leo. Mtu akiandika kwamba yeye ni ‘unaware’ wa barua fulani, anasema tu kwamba hana habari nayo, na maofisini neno hilo limekuwa kinga. Kiswahili cha maofisini kimeiga kwa ‘sina taarifa’. Lakini Kiswahili cha nyumbani kina ‘hana habari’, ambayo ni tamu zaidi kwa sababu ina makali mawili. ‘Sina habari naye’ ni sijui aliko, na pia ni simjali. Kati ya kutojua na kutojali kuna hatua moja tu, na msemo huo umesimama katikati, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Kiingereza hutenga mambo hayo mawili kwa maneno mawili, ‘unaware’ na ‘heedless’, na mfasiri wa kutoka Kiswahili lazima aulize mguu upi umebeba uzito.

Neno ‘unconscious’ lina habari ndefu zaidi. Katika Kilatini ‘conscius’ alikuwa mtu anayejua pamoja na mwingine: mshiriki wa siri, mara nyingi siri ya uovu. ‘Conscious’ lilikuwa neno geni katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17, na wapo waliolicheka. Katika tamthilia ya Poetaster ya mwaka 1601, Ben Jonson alimleta jukwaani mshairi mwenye kupenda maneno makubwa, akamnywesha dawa ya kutapisha, na miongoni mwa maneno aliyoyatapika mshairi yule mbele ya hadhira ni ‘conscious’. Hadhira ilicheka neno ambalo leo hospitali haziwezi kufanya kazi bila hilo. Mwaka 1651 Thomas Hobbes bado alilieleza kwa maana ya watu wawili au zaidi kujua jambo moja na kujuana kwamba wanalijua, kiasi cha kuweza kushuhudiana. Ni John Locke, katika insha yake kubwa ya mwaka 1690 juu ya akili ya binadamu, aliyelifunga neno ndani ya kifua cha mtu mmoja: kutambua yale yanayopita katika moyo wa mtu mwenyewe. Neno la watu wawili likawa la mtu mmoja.

Kiswahili hakikuhitaji safari hiyo, kwa kuwa kina ‘-ji-’. Mgonjwa hajijui, hajitambui. Ujuzi uliopotea ni ule wa nafsi juu ya nafsi, na umbo la kitenzi ndilo linalousema bila kuhitaji falsafa. Kando ya hayo kuna ‘amepoteza fahamu’, msemo wa kitabibu unaotumika sana, na kuna ‘amezimia’, ambao umetoka kwa moto na taa. Hapa lugha zote mbili zina mtego. ‘Unconscious’ ya Kiingereza ni ya mtu aliyelala hospitalini asiyefumbua macho, na pia ni ya mtu mzima anayetikisa mguu wakati wa mazungumzo bila kujua. ‘Hajijui’ haiwezi kutumika kwa huyo wa pili. Mtikisa mguu hutikisa ‘bila kujua’ au ‘bila kutambua’. Kwa upande mwingine, ‘hujitambui’, inavyosemwa na vijana siku hizi, ni tusi: hujui thamani yako wala mahali pako katika jamii. Waganga wenyewe waliona zamani kwamba neno moja halitoshi kupima hali ya mgonjwa. Kipimo kilichotolewa mjini Glasgow mwaka 1974 na Teasdale na Jennett kiliacha kuuliza kama mgonjwa ni ‘unconscious’ au siyo. Kikauliza anafumbua macho lini, anajibu nini, anasogeza viungo vipi, kisha kikatoa alama kati ya 3 na 15. Msamiati ulishindwa, hesabu ikachukua mahali pake.

Jamaa anayependwa zaidi katika ukoo huu ni ‘absent-minded’, mwenye akili isiyokuwapo. Hapa Kiingereza kinapiga picha nzuri, na Kiswahili kina picha hiyo hiyo: ‘hayupo’, ‘yuko mbali’, husemwa kwa mtu aliyekaa hapo hapo. Huko Ulaya mtu wa namna hii alifanywa kichekesho cha fasihi. La Bruyère, Mfaransa, alimchora mwaka 1691 kwa jina la Ménalque: anapita chini ya taa ya kuning’inia katika jumba la mfalme, nywele zake za bandia zinanasa juu na kubaki zikining’inia, watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote huku akimtafuta kwa macho mtu aliyebaki kipara. Mwaka 1711 Eustace Budgell alimpeleka mtu huyo kwa wasomaji wa The Spectator mjini London, na tangu hapo msomi mwenye akili isiyokuwapo amekuwa mgeni wa kudumu katika masimulizi ya Kiingereza. Kicheko hicho kina upole. Akili isiyokuwapo hudhaniwa kuwa iko mahali bora zaidi, kwenye vitabu au hesabu, na mwenyewe husamehewa hata kabla ya kuomba radhi.

Upole huo ndio ulioipa istilahi hii kazi isiyokuwa yake. Mwaka 1883 J. R. Seeley, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha mihadhara yake juu ya kupanuka kwa Uingereza, na humo akasema kwamba Waingereza walionekana kana kwamba waliiteka nusu ya dunia akili zao zikiwa hazipo. Ni haki kumtendea Seeley uadilifu: alikuwa akiwakemea wenzake kwa kutoufikiria ufalme wao, wala hakuwa akiwatetea mbele ya waliotekwa. Lakini msemo uliachana na mwenyewe. Ulirudiwa na wengi kama maelezo, kisha kama udhuru, kwamba himaya ilipatikana kwa bahati tu, hakuna aliyeikusudia.

Mwalimu wa historia au wa tafsiri akiwapa wanafunzi wake sentensi hiyo waitie katika Kiswahili, atayaona yale yanayozungumzwa hapa yakitokea mbele yake. Mmoja ataandika kwamba Waingereza waliiteka dunia ‘kwa kughafilika’, na sentensi itakuwa ya kuchekesha, maana hakuna aghafilikaye akajikuta ana nchi ya mtu. Mwingine ataandika ‘bila kukusudia’, na sentensi itakuwa uongo kwa msomaji wa pwani hii, anayejua kwamba Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, kwamba kikosi cha Admirali Fremantle kiliushambulia na kuuteketeza mji wa Witu mwaka 1890, na kwamba nchi ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Mwingereza mwaka 1895. Hati za kifalme haziandikwi na watu wasiokuwapo. Wa tatu ataandika ‘kwa kujisahau’, naye atakuwa amekaribia sana, kwa sababu kujisahau katika Kiswahili ni kupoteza kipimo cha nafsi: tajiri hujisahau, kiongozi hujisahau, mgeni aliyekaribishwa sana hujisahau. Lakini atakuwa amemhukumu Mwingereza kwa ukali ambao Seeley hakuutia katika maneno yake. Tafsiri isiyo na hukumu haipatikani. Pengine ‘akili zao zikiwa kwingine’ ndiyo yenye kuhifadhi picha na kumwachia msomaji swali: kwingine wapi?

Maneno yaliyobaki yaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. ‘Rapt’ ni kunyakuliwa, na ‘preoccupied’ ni kukaliwa na kitu kabla kingine hakijafika, kama nyumba iliyokwisha pata mpangaji. Kiswahili huyasema kwa kutendwa, ‘ametekwa na mawazo’. ‘Distracted’ ni kuvutwa huku na huku, na katika zama za Shakespeare liliweza kuwa na maana ya wazimu kamili. ‘Engrossed’ lina asili ya sokoni. Lilitokana na ununuzi wa jumla, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1552 ilimhesabu kuwa mhalifu yule aliyenunua nafaka nyingi ili aiuze kwa faida. Makosa ya namna hiyo hayakufutwa kabisa hadi mwaka 1844. Aliye ‘engrossed’ katika kitabu, basi, akili yake yote imenunuliwa na mnunuzi mmoja, na wateja wengine hawakubakiziwa hata kibaba. Kiswahili kina ‘-hodhi’ kwa kosa hilo la sokoni, na ni ajabu kwamba hakijalitumia kwa vitabu.

Wanasaikolojia wa karne ya 20 waligundua kwamba maneno yote hayo hayamtoshi mtu wa aina moja: yule anayetazama kwa bidii na bado haoni. Jaribio linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 1999 na Daniel Simons na Christopher Chabris. Watazamaji walionyeshwa filamu ya watu wakipeana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anapita akijipiga kifua. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Istilahi iliyokuwa imekwisha kubuniwa kwa hali hiyo na wataalamu Mack na Rock ni ‘inattentional blindness’, upofu wa kutozingatia. Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Watu wale hawakuwa vipofu, wala hawakukosa kuzingatia; walizingatia mno, ila kitu kingine. Kiswahili, chenye ‘-tazama’ na ‘-ona’ vilivyotengana wazi, kinalisema jambo hilo kwa maneno mawili bila kumtukana mtu: walitazama wasione.

Baki la mwisho katika upande wa Kiswahili ni ‘-pitiwa’, na ndilo lenye uzito mkubwa nje ya darasa. Ni kauli ya kutendwa ya ‘-pitia’. Kuna kitu kilimpitia mtu. Yeye alikuwa njia tu. ‘Nimepitiwa’ ni nimesahau, au sikuzingatia, au nimepatwa na usingizi kidogo. Na aliyekosa vibaya husema alipitiwa na shetani. Nchini Kenya lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo maneno ya shahidi au mshtakiwa mara nyingi huandikwa katika lugha ambayo hakuyasemea. Dereva akisema ‘nilipitiwa’, mkalimani ana njia tatu. Akimfanya aseme kwamba alisinzia, amemkubalisha kosa zito. Akimfanya aseme kwamba hakuzingatia, ameyagusa maneno yenyewe ya kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, kinachohusu kuendesha gari bila uangalifu unaostahili. Akimfanya aseme ‘I was unaware’, amempa utetezi ambao hakuuomba. Dereva mwenyewe alisema neno moja, nalo halikuwa na lolote kati ya hayo peke yake. Katiba ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo hutimia pale tu mkalimani anapoomba ruhusa ya kumuuliza: ulipitiwa na nini?

Swali la namna hiyo linahitajika zaidi shuleni. Uko ugonjwa wa kifafa usioangusha mtu. Mtoto yumo darasani akiandika. Ghafla mkono unasimama, macho yanakodoa, sekunde 5 au 10 zinapita, kisha anaendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea. Huweza kumpata mara nyingi kwa siku. Waganga wa Ufaransa katika karne ya 19 waliliita tukio hilo ‘absence’, kutokuwapo, na Kiingereza kikalichukua neno hilo bila kulibadili. Kiswahili cha darasani kinalo neno tayari, nalo ni ‘kuzubaa’, lenye lawama tangu silabi ya kwanza: anayezubaa sokoni huibiwa, na anayezubaa darasani huadhibiwa. Mtoto wa namna hiyo huweza kuadhibiwa kwa jambo ambalo hana kumbukumbu nalo, huku dawa za kulituliza zipo. Si rahisi kumpatia mwalimu istilahi mpya itakayoshinda neno alilolizoea tangu utoto. Ni rahisi zaidi kumpatia maswali, kama walivyofanya wale wa Glasgow, kwa Kiswahili ambacho tayari anacho. Akiitwa, huitika? Akiguswa bega, hushtuka, au huendelea kukodoa? Akirudi, hukumbuka kwamba aliitwa?